Hesabu Iliyokuwa na Mwenyewe

Kaeni mkao wa kusikiliza, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina wahandisi, wanasheria, na zile picha ndogo mnazotumiana kwenye simu, zinazocheka, zinazocheza, zinazoanguka na kuinuka bila kuchoka. Mnaziita GIF. Ilipita miaka kadhaa ambapo kuandika programu ya kutengeneza picha za namna hiyo bila leseni kungeweza kukuletea barua ya wakili, hata kama kila mstari wa programu umeuandika mwenyewe usiku kucha na hujamwibia mtu.

Tuanze Haifa, Israel. Wataalamu wawili wa chuo cha Technion, Jacob Ziv na Abraham Lempel, walikuwa wakijiuliza namna ya kuzibana habari zichukue nafasi ndogo bila kupoteza hata herufi moja. Mwaka 1977 walichapisha jibu. Mwaka 1978 wakachapisha la pili, ndugu wa lile la kwanza lakini lenye sura yake. Makala zenyewe zimejaa hesabu nzito, siwashauri kuzisoma kabla ya kulala. Wazo lililomo, hata hivyo, mtoto wa darasa la tano analielewa: ukikutana na kitu ulichokwisha kukiona, usikiandike tena, taja tu kwamba ni kilekile.

Akaja mhandisi wa Marekani, Terry Welch, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya Sperry. Alilichukua jibu la pili akalinoa mpaka kompyuta za wakati ule zikaweza kulitumia kwa kasi. Tarehe 20 Juni 1983 kazi hiyo ilipelekwa kwenye ofisi ya hataza ya Marekani. Mwaka uliofuata, 1984, Welch aliieleza mbinu hiyo katika jarida la wahandisi, hatua kwa hatua, waziwazi. Watu wakaiita LZW, kwa herufi za Lempel, Ziv na Welch.

Sasa chukueni penseli, maana jambo hili halisimuliki vizuri kwa mdomo mtupu. Tunataka kumtumia mtu neno PILIPILI, na kila alama tunayotuma inalipiwa. Mimi na mpokeaji tuna daftari kila mmoja lake, na herufi mojamoja zimo tayari kwenye madaftari yote mawili. Kanuni ni hii: tuma kipande kirefu kuliko vyote unavyovikuta daftarini, kisha ongeza daftarini kipande hicho pamoja na herufi inayokifuata.

Tunatuma P. Inayofuata ni I, kwa hiyo tunaandika: namba 1 ni PI. Tunatuma I, tunaandika: namba 2 ni IL. Tunatuma L, na namba 3 inakuwa LI. Tunatuma I, na namba 4 inakuwa IP. Tumefika katikati ya neno. Mbele yetu kuna PILI nyingine. Je, PI tunayo? Tunayo, ni namba 1, basi tunatuma 1. LI je? Ni namba 3, tunatuma 3. Kwisha. Neno la herufi 8 limekwenda kwa alama 6: P, I, L, I, 1, 3.

Utamu wake uko hapa: daftari lenyewe halitumwi. Mpokeaji akipata P kisha I, anajua kwamba mimi nimeandika PI kuwa namba 1, naye anaandika hivyohivyo. Madaftari mawili yanajazwa sambamba, pande mbili za dunia, bila watu kuulizana. Kwa neno moja faida ni ndogo. Kwa picha yenye anga la buluu, ambapo rangi moja inajirudia mamia ya mara mfululizo, faida ni kubwa mno.

Na faida hiyo ilihitajika sana. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe, ya Columbus katika jimbo la Ohio, ilikuwa ikiwaunganisha wateja kupitia modemu na waya wa simu ya mezani. Pigeni hesabu nami. Picha ya pikseli 320 kwa 200 ina pikseli 64,000. Kila pikseli ikichukua baiti moja, hizo ni biti 512,000. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ingeisafirisha picha hiyo moja kwa kama dakika 3 na nusu, na muda wote huo mteja analipa. Ndipo Steve Wilhite na wenzake wa CompuServe wakabuni muundo mpya wa faili za picha, GIF, na kwa kazi ya kubana wakachagua LZW. Si ilikuwa imeelezwa jaridani kwa kila mwenye macho? CompuServe wakatangaza kwamba yeyote anaweza kuutumia muundo wao bure. Waandishi wa programu wakaupokea kwa mikono miwili, na ilipofika mwaka 1993, programu ya Mosaic ilipoanza kuonyesha picha ndani ya kurasa za intaneti, GIF ilikuwa kila mahali.

Kitu ambacho wengi hawakukijua ni kwamba ombi la mwaka 1983 lilikubaliwa Desemba 1985. Mwaka 1986 Sperry iliunganishwa na kampuni ya Burroughs, ikazaliwa kampuni mpya iitwayo Unisys. Hataza ikahamia huko pamoja na viti na makabati.

Nisimame hapa niwaeleze hataza ni nini, maana hata watu wazima huichanganya na hakimiliki. Tuseme shangazi yenu ameandika kitabu cha mapishi, na ndani yake kuna namna mpya ya kukanda mahamri aliyoivumbua yeye. Hakimiliki inakukataza kunakili kitabu chake. Haikukatazi kukanda unga, na ukiandika maelezo yako kwa maneno yako, shangazi hana la kukufanya. Lakini akiwa na hataza ya ile namna ya kukanda, basi mtaa mzima unahitaji ruhusa yake, pamoja na yule bibi wa nyumba ya nne ambaye hajapata kukiona kitabu na aligundua siri ileile mwezi uliofuata, jikoni kwake, kwa akili zake. Kuivumbua upya kwa jasho lako hakukuokoi.

Sheria haikutungwa kwa ubaya, msinielewe vibaya. Ni makubaliano kati ya mvumbuzi na umma. Wewe mvumbuzi eleza siri yako yote kwa maandishi ili wengine wajifunze, sisi umma tutakupa miaka michache ya kuifaidi peke yako. Siku hizi nchi nyingi hutoa miaka 20 kuanzia tarehe ya kupeleka ombi. Kwa dawa, makubaliano hayo yana mantiki: kuitafuta na kuijaribu dawa mpya hula miaka na fedha nyingi, wakati kuiiga ni rahisi, na dawa moja kwa kawaida hulindwa na hataza chache zinazojulikana ni za nani.

Programu si hivyo. Programu moja ya kawaida ina mbinu ndogondogo kwa maelfu, moja juu ya nyingine: namna ya kupanga majina, namna ya kubana faili, namna ya kuonyesha kishale kwenye skrini. Kila moja huenda ina mwenyewe. Wewe kijana wa miaka 19 uliyejifungia chumbani na kompyuta yako utajuaje? Utasoma hataza zote? Zimeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na wahandisi wenyewe huikodolea macho wasiambulie kitu. Hata ofisi yenyewe inayozitoa hupotea njia. Wiki tatu tu kabla ya ombi la Welch, wataalamu wawili wa IBM, Victor Miller na Mark Wegman, walikuwa wamepeleka ombi lao la mbinu ya kubana, na ndani yake mlikuwa na kitu kilekile. Ofisi ikatoa hataza kwa pande zote mbili. Ikiwa walinzi wa daftari la serikali hawakuona kwamba vitu viwili ni kimoja, kwa nini tumtarajie kijana wetu aone?

Basi. Siku za mwisho za Desemba 1994, watu wakiwa katikati ya Krismasi na mwaka mpya, tangazo likatoka: CompuServe imefikia makubaliano na Unisys, na kuanzia sasa wanaotengeneza programu zinazotumia GIF watahitaji leseni na watalipa mrabaha. Hebu fikirieni mtu aliyeiweka programu yake ya picha mtandaoni bure, au kwa dola chache, miaka 5 au 6 iliyopita. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliambiwa muundo ni wa bure. Leo anaambiwa hesabu iliyomo ndani yake ina mwenyewe.

Hasira ilikuwa kubwa, lakini hasira haionyeshi picha. Mwanzoni kabisa mwa Januari 1995, Thomas Boutell aliweka mtandaoni pendekezo la muundo mpya wa picha usiogusa LZW hata kidogo. Watu waliojitolea kutoka nchi mbalimbali wakalidaka, wakabishana kwa barua pepe, wakarekebisha, wakabishana tena. Kwa kubana, mnajua walirudi wapi? Kwa Ziv na Lempel walewale, kwenye lile jibu la kwanza la mwaka 1977. Jean-loup Gailly na Mark Adler walikuwa wamekwisha kulitumia katika programu ya gzip, ambayo nayo ilizaliwa kwa sababu hiyohiyo ya kuikimbia hataza ya LZW. Muundo mpya ukaitwa PNG, na kwa utani watungaji wake wakasema kirefu chake ni "PNG si GIF". Tarehe 1 Oktoba 1996 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya kurasa za intaneti, likaupitisha.

PNG ilikuwa bora, hilo halina ubishi. GIF huishia kwenye rangi 256 kwa picha, PNG inachukua mamilioni. Katika GIF pikseli ama inaonekana ama haionekani. Katika PNG inaweza kufifia taratibu kama moshi. Ndiyo maana kuna watu husema, mnaona, hataza ilichochea uvumbuzi, bila kubanwa wasingebuni PNG. Mimi hoja hiyo hainiingii. Mwenye kufunga daraja hasifiwi kwa sababu walionaswa ng'ambo wamejifunza kuogelea. Watu wale wangeweza kuutumia mwaka 1995 kuiboresha GIF yenyewe au kubuni kitu ambacho hakikuwapo. Badala yake walijenga upya nyumba waliyokuwa wakiishi, ili tu wasidaiwe kodi. Na kujenga hakukuwa mwisho wa safari. Programu za kusoma kurasa zilichelewa mno kuipokea PNG. Internet Explorer ya Microsoft haikuweza kuonyesha vizuri ule ufifiaji mpaka toleo la 7, mwaka 2006. Tena, watungaji wa PNG waliamua kuacha picha zinazotembea. Ndugu yake aliyebuniwa kwa kazi hiyo, MNG, hakuenda mbali. Kwa hiyo GIF ilibaki mjini kwa ajili ya kucheza ngoma tu.

Mambo yalichafuka zaidi mwaka 1999. Unisys ilisema kwamba wenye tovuti nao, ikiwa picha zao zilitengenezwa kwa programu isiyo na leseni, wanapaswa kujipatia leseni, na ada iliyotajwa ilikuwa dola 5,000. Mwenye tovuti ya kuonyesha paka wake angezitoa wapi? Tarehe 5 Novemba mwaka huo wanaharakati walitangaza siku ya kuchoma GIF zote, yaani kuzifuta kwenye tovuti na kuweka PNG. Terry Welch hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1988, na sijui kama angefurahia kuona jina lake likitajwa kwa meno yaliyokazwa namna ile.

Mwaka huohuo wa 1999, mwezi Septemba, Amazon ilipewa hataza ya kununua kitu mtandaoni kwa kubofya mara moja. Ndiyo, mara moja. Duka limehifadhi anwani na kadi yako, unabofya, kitabu kinatumwa. Oktoba ikawashtaki wauza vitabu wenzao, Barnes & Noble, na Desemba mahakama ikawazuia kutumia mbofyo mmoja. Walifanyaje? Waliongeza mbofyo wa pili. Wahandisi wenye digrii zao walilipwa kufanya kitu kiwe kigumu kidogo kuliko kilivyokuwa. Mahakama ya rufaa iliondoa zuio hilo mwaka 2001, lakini hataza yenyewe iliendelea mpaka Septemba 2017. Apple ilichagua kulipia leseni mapema, mwaka 2000.

Mtaniuliza: je, mvumbuzi naye? Afe maskini? Swali la haki hilo, na kuna mtu wa kumtaja. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali la kwanza la hesabu kwa kompyuta ndogo. Ukibadilisha namba moja, jumla zote zinajirekebisha zenyewe. Wafanyabiashara walinunua kompyuta ya Apple II kwa ajili ya programu hiyo tu. Wanasheria waliwaambia kwamba kupata hataza ya programu wakati ule ni bahati nasibu, basi hawakuomba. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 ikawapita kwa kasi, na mwaka 1985 ikaja Excel. Bricklin hakuwa tajiri wa kiasi ambacho wazo lake lingeweza kumpa. Inauma kidogo, sikatai. Lakini geuzeni upande wa pili. Kama jedwali la hesabu lingekuwa na hataza, Lotus na Excel zingehitaji ruhusa ya mwenyewe hadi miaka ya 1990, na ruhusa angeweza kuinyima. Mhasibu wa dukani, mwalimu anayejumlisha alama zenu, wote wangetumia programu ya kampuni moja kwa bei ya kampuni hiyo. Mimi hapo naegemea upande wa mwalimu.

Wakubwa nao walikuja kuliona tatizo. Tarehe 6 Julai 2005, Bunge la Ulaya lilipiga kura kuhusu sheria iliyohofiwa kufungua mlango kwa hataza za programu. Walioikataa walikuwa 648, walioiunga mkono 14. Nchini Marekani, Juni 2014, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya kampuni ya Alice dhidi ya benki ya CLS kwamba wazo tupu haligeuki uvumbuzi kwa sababu tu limetiwa ndani ya kompyuta. Hataza nyingi dhaifu zilianguka mahakamani baada ya hapo. Nyingi nyingine zipo bado, na makampuni makubwa huzirundika kwa maelfu, kila moja ikimwogopa mwenzake. Mkubwa akishtakiwa ana zake za kujibia. Kijana wa chumbani hana.

Hataza ya LZW iliisha Marekani tarehe 20 Juni 2003, na mwaka uliofuata ikaisha Ulaya, Japani na Kanada. Unisys haikuwa tena na la kudai kwenye GIF. Watu wakairudia kwa kitu kilekile ambacho PNG haikukibeba, kutembea, na ndiyo hizo zilizojaa kwenye simu zenu.

Ila hata hapo kuna jambo la kuchekesha. Ile mnayotumiana kwenye WhatsApp na kuiita GIF, mara nyingi si GIF tena. Ni video fupi isiyo na sauti, iliyobanwa kwa mbinu za video, kwa sababu video huchukua bando kidogo zaidi. Na mbinu za kubana video ndizo zenye hataza nyingi kupita maelezo. Muundo wa HEVC, uliotoka mwaka 2013, ulifikia kuwa na makundi matatu tofauti ya wenye hataza, kila kundi likidai mrabaha wake. Mtengenezaji wa simu hakujua akimaliza kulipa hapa atadaiwa na nani kule. Mwaka 2015 Google, Mozilla, Netflix, Amazon, Microsoft na wengine waliungana kutengeneza muundo wa video usiolipiwa mrabaha, na mwaka 2018 wakautoa kwa jina la AV1. Wahandisi wake walipita kila hatua wakiwa na wanasheria pembeni, wakikagua isije ikakanyaga hataza ya mtu. Mwaka 2019 kampuni ya Sisvel ikatangaza kwamba inawakusanya wenye hataza wanaoamini kuwa AV1 imewakanyaga, ili wadai chao.